Vinara vya Ukutani vya Mtindo wa Makoloni ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na fundi wa bati anayeishi Marekani, ambaye kazi yake ya kila siku ni kukata, kukunja na kulehemu vinara vya mishumaa kwa kufuata vile vya karne ya 18. Maswali ni yale yanayoletwa na wasomaji wa Kiswahili, walio huku ughaibuni na walio nyumbani.

Kinara cha ukutani cha mtindo wa kikoloni ni kitu gani hasa?

Ni kishikio cha mshumaa kinachotundikwa ukutani badala ya kuwekwa mezani. Kina mgongo, yaani bamba linalolala ukutani na kuurudisha mwanga chumbani. Kina mkono au kisahani kinachojitokeza mbele ili kudaka nta inayochuruzika. Na kina kikombe ambamo mshumaa huchomekwa. Neno "kikoloni" katika biashara hii halihusu utawala wa Wajerumani wala Waingereza katika Afrika Mashariki. Linahusu makoloni 13 ya Uingereza katika pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini, kuanzia Jamestown ilipoanzishwa mwaka 1607 hadi uhuru ulipotangazwa mwaka 1776.

Je, inafaa Mwafrika kutundika nyumbani kwake kitu chenye jina la ukoloni?

Swali hili ni zito, na ninalijibu kwa uzito wake. Mwanga wa nyumba kubwa za wakati ule haukujiwasha wenyewe. Katika nyumba za matajiri wa Virginia, waliopika shahamu, waliochovya tambi za mishumaa, waliowasha mishumaa jioni na kukwangua nta asubuhi walikuwa kwa sehemu kubwa watu wenye asili ya Afrika waliofanywa watumwa. Mishumaa bora kabisa ya zama zile iliuzwa na wafanyabiashara wa Newport, Rhode Island, na miongoni mwao alikuwamo Aaron Lopez, ambaye meli zake zilifanya pia biashara ya kusafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Anayetundika kinara hiki bila kuyajua hayo ametundika pambo tu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kifaa chenyewe hakina hatia. Kinara cha bati kilikuwa kazi ya fundi mdogo, na kilitumika katika karakana, kanisani na katika nyumba ya mkulima vilevile. Mimi huvitengeneza nikikumbuka mikono iliyoviwasha, na huwaeleza wageni wangu habari hizo wanapoviulizia. Asiyeridhika na jibu hili ana haki yake, na simlazimishi.

Kwa nini vinara vyenu vinang'aa, ilhali vingi vinavyouzwa ni vyeusi na vina kutu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalotamani lieleweke zaidi.

Bati la wakati ule lilikuwa bamba jembamba la chuma lililochovywa katika madini ya bati yaliyoyeyushwa. Likiwa jipya huwa jeupe na laini, likakaribia kung'aa kama fedha. Fundi wa karne ya 18 hakulichagua kwa sababu ya urembo peke yake. Alilichagua kwa sababu mgongo wa kinara unaong'aa huchukua mwanga ambao ungepotelea ukutani na kuurudisha kwa mtu aliyeketi akishona au akisoma. Ndiyo maana baadhi ya migongo ilipinda kidogo kama bakuli, na mingine ikapigwa mifuo inayotawanyika kama miale ya jua. Mshumaa uligharimu fedha au kazi nyingi ya mikono, na kila chembe ya mwanga ilihesabiwa.

Vinara vya kale tunavyoviona leo katika majumba ya makumbusho vimekuwa vya kijivu kilichoiva kwa sababu vimepita miaka 200 na zaidi ya moshi, unyevu na kusuguliwa. Mtengenezaji wa kisasa anapokipaka kinara kipya rangi nyeusi au kukitia kutu kwa tindikali, anaiga umri wa kifaa na kukiondolea kazi yake. Mtu wa mwaka 1750 angekirudisha kinara hicho dukani.

Nimewahi kulipima jambo hili katika karakana yangu usiku mmoja umeme ulipokatika. Nilitundika vinara viwili vya umbo moja, kimoja cha bati jipya na kimoja nilichokipaka rangi nyeusi kwa ombi la mteja, nikaweka mishumaa inayolingana. Mbele ya kile cheusi nililazimika kusogeza gazeti hadi karibu na uso ndipo nisome. Mbele ya kile kinachong'aa nilisoma nikiwa nimeegemea kiti, na kivuli cha mkono wangu kilionekana wazi sakafuni. Tangu siku hiyo rangi nyeusi naipaka tu pale mteja anapoiomba, na hata hapo humshauri auache uso wa mgongo ung'ae.

Vya zamani vilitengenezwa kwa malighafi gani, na vya leo je?

Bati lilikuwa la kawaida zaidi kwa watu wa kati. Mabamba yake yaliagizwa kutoka Uingereza, na sehemu kubwa ilitoka Wales. Marekani haikuwa na kiwanda cha maana cha kutengeneza mabamba hayo hadi ushuru wa forodha ulipopandishwa mwaka 1890. Mafundi wa makoloni walikuwa wakikata na kukunja tu. Wanaotajwa sana ni ndugu wa ukoo wa Pattison, waliotoka Ireland na kuanza kufua bati huko Berlin, Connecticut, karibu na mwaka 1740, na bidhaa za mji huo zikasambazwa na wachuuzi waliotembea kijiji kwa kijiji.

Kuna dalili moja ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Mabamba yaliyoagizwa yalikuwa madogo, takriban sentimita 25 kwa 35. Kinara kikubwa cha bati kilichokatwa kwa kipande kimoja kirefu bila kiungo chochote hakiwezi kuwa nakala ya kweli ya wakati ule. Fundi wa zamani angeunganisha vipande viwili kwa kuvikunja kingo na kuvilehemu, na kiungo hicho ni sehemu ya uzuri wake.

Matajiri walikuwa na vinara vya shaba ya manjano vyenye mikono iliyopinda, na wachache walikuwa na vya fedha. Vilikuwapo pia vya vipande vya kioo vilivyopangwa katika duara la bati, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vizuri kuliko vyote, kwa kuwa kila kipande kinaonyesha ulimi mmoja wa moto na ukuta mzima unaonekana umejaa nyota. Wasichana wa familia zenye uwezo mjini Boston walitengeneza vya aina nyingine kabisa: visanduku vya kioo vilivyojazwa maua ya karatasi iliyosokotwa, vikiwa na mikono ya mishumaa chini yake. Hivyo vilikuwa kazi ya mkono ya kuonyesha ustadi wao.

Leo mimi hutumia bati lilelile la chuma kilichochovywa. Tofauti kubwa iko katika lehemu: ya zamani ilikuwa na risasi, yangu haina.

Ni kweli kwamba kila nyumba ya wakati wa makoloni ilikuwa na vinara kila chumba?

Hapana. Familia nyingi ziliishi jioni kwa mwanga wa moto wa mekoni na mshumaa mmoja uliobebwa kutoka chumba hadi chumba. Picha ya nyumba iliyojaa vinara imetokana zaidi na mapenzi ya Wamarekani kwa mambo ya kale, yaliyopamba moto baada ya maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 na kuongezeka tena mji wa Williamsburg, Virginia, ulipoanza kukarabatiwa mwaka 1926 kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo. Anayetaka chumba kifanane na ukweli atundike viwili, au hata kimoja.

Nitumie mshumaa wa aina gani?

Mshumaa wa kawaida wa watu wa makoloni ulikuwa wa shahamu ya ng'ombe au kondoo. Ulinuka, ulitoa moshi, uliyeyuka ovyo wakati wa joto, na panya waliula. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alijua habari zake tangu utotoni, kwani baba yake alikuwa mtengenezaji wa mishumaa ya shahamu na sabuni mjini Boston, naye alitolewa shuleni akiwa na miaka 10 ili akate tambi na kujaza kalibu. Katika pwani ya kaskazini watu walichemsha matunda madogo ya kijivu ya mti wa bebari (kwa Kiingereza bayberry), wakaengua nta ya kijani iliyoelea juu ya maji. Mshumaa wake ulikuwa na harufu nzuri, ila kazi yake ilichosha. Nyuki wa asali waliletwa Virginia kwa meli mwaka 1622, na nta yao ikawa ya wenye uwezo.

Juu ya yote hayo ulikuja mshumaa wa spemaseti, yaani mafuta yanayoganda yatokayo katika kichwa cha nyangumi mkubwa. Mwaka 1751 Franklin aliusifu katika barua kwamba mwanga wake ni mweupe na kwamba mtu anaweza kuushika mkononi hata wakati wa joto bila ya kulainika. Mshumaa huo hauuzwi tena, kwa sababu nyangumi huyo analindwa.

Kwa matumizi ya leo, nta ya nyuki ndiyo ninayoipendekeza. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo husimama wima hata katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa ambamo mshumaa wa dukani wa parafini unaweza kupinda saa nane mchana bila hata kuwashwa. Msomaji aliye Tanzania hana haja ya kuagiza mbali, kwani nta ya Tabora inajulikana tangu zamani. Parafini nayo inafaa, ingawa si ya wakati ule. Mishumaa yake ilianza kuenea miaka ya 1850. Epuka mishumaa yenye utambi uliotiwa waya usiojulikana. Marekani ilipiga marufuku tambi zenye kiini cha risasi mwaka 2003.

Vikombe vyangu vina upana wa milimita 22, kipimo cha kawaida cha mshumaa mrefu wa mezani. Mshumaa ukilegea, zungushia kitako chake utepe mwembamba wa nta ya nyuki uliolainishwa kwa vidole. Usizungushie karatasi kamwe, maana karatasi hiyo itakuwa utambi wa pili.

Mwanga wake unatosha kusomea?

Mshumaa mmoja hutoa takriban lumeni 12 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na balbu ya kizamani ya wati 60 hutoa kama 800. Hesabu hiyo inatisha, lakini jicho huzoea baada ya dakika chache. Inafurahisha kujua kwamba kipimo cha kisayansi cha nguvu ya mwanga kilizaliwa na mshumaa wenyewe: sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860 ilitumia mshumaa wa spemaseti wenye uzito wa gramu 76 hivi, unaoungua gramu 7.8 kwa saa. Vinara viwili vyenye migongo inayong'aa, vikitundikwa pande mbili za kiti, vinatosha kwa maandishi ya kawaida. Kwa maandishi madogo ya kitabu cha sala havitoshi.

Nikitundike wapi, na kwa urefu gani?

Ulimi wa moto uwe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyesimama, yaani sentimita 150 hadi 170 kutoka sakafuni. Chini ya hapo watoto wataufikia. Juu ya hapo utashindwa kuukata utambi bila kupanda kiti. Acha sentimita 30 au zaidi kila upande pasipo na kitu kinachoweza kuungua, na juu ya ulimi wa moto acha nafasi kubwa zaidi, angalau sentimita 90, kwa sababu joto la mshumaa hupanda wima na linaweza kuunguza mbao ya dari polepole bila mtu kuona. Usikiweke karibu na pazia, dirisha lililo wazi, mlango unaofunguliwa mara kwa mara, wala chini ya pangaboi. Upepo huulaza moto, mshumaa ukaungua upande mmoja na nta ikamwagika ukutani.

Chini ya paa la makuti, usiwashe kabisa. Hapo sina ushauri wa kati.

Kwa ukuta wa matofali au wa saruji, toboa tundu, ingiza kiplastiki cha kushikilia skrubu, kisha kaza. Kwa nyumba za mbao za Marekani, tafuta nguzo iliyo nyuma ya ukuta. Kwa kawaida zimepishana sentimita 40. Kinara kilichoning'inizwa kwenye msumari wa picha huanguka siku moja, na huanguka kikiwa kimewashwa. Aliyepanga nyumba asome kwanza mkataba wake, kwa kuwa mikataba mingi ya huku hukataza moto wa wazi.

Ukuta wangu umepata doa jeusi juu ya kinara. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea wewe. Vinara vyangu vya kwanza viliacha masizi ukutani jioni moja tu, kwa kuwa nilikiweka kikombe sentimita 4 kutoka kwenye mgongo na kuufanya mgongo mfupi. Sasa ninaacha sentimita 7 au zaidi, na mgongo hupanda juu ya ncha ya mshumaa mzima. Ukipima chako na kukuta kikombe kimesogea mno nyuma, tumia mshumaa mwembamba au kirudishe kwa aliyekuuzia.

Sababu ya pili ni utambi mrefu. Tambi za zamani zilikuwa za nyuzi zilizosokotwa tu, hazikuungua hadi mwisho, na watu walizikata kila mara kwa mkasi maalumu wenye kijisanduku cha kupokea majivu. Utambi uliofumwa unaojipinda na kujiteketeza ulivumbuliwa Ufaransa mwaka 1825. Hata huo, ukate ubaki milimita 6 kabla ya kuwasha.

Naweza kuuacha mshumaa uishe wenyewe?

Usifanye hivyo. Lehemu huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi, na ile ya zamani yenye risasi huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzi 183. Moto ukishuka hadi ndani ya kikombe, kiungo kinachokishikilia kisahani kinaweza kuachia, na kila kitu kikaanguka. Nimeletewa vinara vitatu vilivyoharibika kwa njia hiyo. Zima mshumaa ukibakia sentimita 5.

Nikisafisheje?

Nta iondoe kwa maji ya moto na kitambaa laini, kisha kausha papo hapo. Usikwangue kwa kisu, usitumie waya wa kusugulia sufuria, wala usikitie ndani ya oveni. Utando wa bati ni mwembamba mno, na mkwaruzo mmoja hufungua njia ya kutu kwenye chuma kilicho chini yake. Ndimu, ukwaju na majivu, ambavyo bibi zetu wa pwani walivitumia kung'arishia shaba, vinafaa kwa kinara cha shaba kisichopakwa vanishi. Kwa bati ni sumu. Kwa anayeishi karibu na bahari, Zanzibar, Lamu au Muscat, namshauri achukue cha shaba tangu mwanzo, maana chumvi ya hewani hulishinda bati hata likipakwa nta kila mwezi.

Je, naweza kukitia umeme?

Inawezekana, ingawa moyo wangu hauko huko. Vinara vya umeme vinavyouzwa Marekani hutumia volti 120 na balbu yenye kitako cha milimita 12. Kenya hutumia volti 240 na Tanzania 230, kwa hiyo balbu hizo zitaungua mara moja. Mwambie fundi umeme abadilishe kishikio kiwe cha milimita 14, na atie waya wa ardhi kwenye bamba, kwa kuwa kinara chote ni chuma. Chagua balbu ya rangi ya joto, yaani ya manjano, kelvini 2,000 hadi 2,200 (kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye balbu), kwa sababu ulimi wa mshumaa uko karibu na 1,900. Ile nyeupe ya ofisini huua kila kitu.

Fundi wa nyumbani anaweza kunitengenezea?

Anaweza, na ningefurahi sana. Mikono inayotengeneza koroboi, masanduku na majiko huko Kamukunji, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, inajua tayari yote yanayohitajika: kukata kwa mkasi wa bati, kukunja ukingo juu ya waya ili usikate vidole, kulehemu kiungo. Kinachobaki ni kumpelekea vipimo. Mwombe asitumie mabati ya kuezekea, kwa kuwa hayo yamepakwa zinki, ambayo hufifia upesi na moshi wake wakati wa kuchomelea humdhuru fundi. Kopo kubwa la mafuta ya kupikia, likipasuliwa na kunyooshwa, uso wake wa ndani ni bati la kufaa ikiwa haukupakwa rangi.

Nimepata kinara kinachosemekana ni cha kale. Nitajuaje?

Kigeuze, utazame nyuma. Kazi ya mkono huacha alama za nyundo zisizolingana, na mstari uliokwaruzwa na fundi alipokuwa akipima pa kukunja. Kiungo cha lehemu kitakuwa na unene usio sawa. Uchakavu wa kweli uko mahali panapoguswa: ukingo wa kikombe, chini ya kisahani, tundu la kutundikia lililotanuka upande wa juu. Kutu iliyoenea sawasawa kila mahali, hata pasipofikika kwa kidole, imetiwa kwa makusudi. Ukishuku kwamba ni cha kale kweli, usikisugue na usikiwashe. Kifunge kwa kitambaa kikavu na kukipeleka kwa mtu wa makumbusho akitazame kwanza, kisha unawe mikono kabla ya kula, kwa sababu ya risasi iliyomo katika lehemu yake.